Kata Nayo Iseme

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Tumeuzoea mno msemo huu hata tumeacha kuusikiliza. Kata ndiyo inayozamishwa mtungini kila siku. Inakijua kina chake, inayajua maji yalivyo, inamjua mdudu aliyelala chini. Mpita njia huuona mtungi kwa nje tu, akausifu ufinyanzi, akaenda zake. Katika nyumba ya mlevi, ndugu msomaji, mtungi ni mtungi kweli, na kata ni watoto.

Hoja yangu ni fupi. Nataka hapa Misungwi, na katika kila wilaya ya nchi hii, watu wazima waliolelewa na mzazi mlevi wawe na mahali pa kukutana walau mara moja kwa juma, wakae chini, waambiane yaliyowapata. Sitaki jengo. Sitaki mradi. Nataka benchi, saa moja na nusu, na watu wanaoweza kufunga mdomo mwenzao anaposema.

Jambo dogo kama hili nilidhani halitapata mpinzani. Kumbe! Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu wanne tuliomba chumba katika ofisi moja ambayo sitaitaja, tukitumie Jumamosi alasiri wakati hakina kazi. Barua yetu haikujibiwa kwa barua. Tulijibiwa mlangoni, na kijana mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, tena kwa adabu zote. “Shikamoo mwalimu” ilitangulia, kukataliwa kukafuata. Chumba kipo, alisema, ila si kwa shughuli ya kuwasema wazazi. Tangu siku hiyo tunakutana uani kwangu chini ya mwembe, na mvua ikinyesha hatukutani. Basi kijana yule, na wote waliomtuma, nawajibu hapa.

Kwanza nisema kwa nini jambo lenyewe lipo. Kuhusu mlevi tumezungumza sana katika nchi hii. Gongo imepigwa marufuku miaka yote ya uhai wangu, na miaka yote ya uhai wangu imepikwa. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 inaweka saa za kufungua na kufunga vilabu. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe za viroba, zile pakiti ndogo ambazo kijana aliweza kuzitia mfukoni kama peremende, na katika hilo ilifanya vyema. Kule Zanzibar, na baadaye Bara, zimefunguliwa soba hausi ambamo waliotekwa na dawa za kulevya na pombe wanasaidiana kuacha. Haya yote ni mema. Lakini yote yanamtazama anayekunywa. Nani anamtazama yule aliyekuwa akimsubiri nyumbani?

Mtasema ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ni kweli, na ni sheria nzuri. Lakini sheria hiyo inamjua mtoto hadi anapotimiza miaka 18. Asubuhi ya pili yake anahesabiwa kuwa mtu mzima, kana kwamba yote yaliyomwingia tangu utotoni yametoka usiku ule kwa mlango wa nyuma.

Hayatoki. Nalijua hilo kwa kuwa nami ni mmoja wao. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alilima pamba kwa bidii, na kwenye ngoma ya bugobogobo jembe lilizunguka mkononi mwake kama unyoya. Lakini msimu wa kuuza pamba ulipofika, alipokea fedha zake asubuhi, na sisi tulianza kusikiliza jua linapozama. Tulijifunza kutambua mlio wa baiskeli yake. Ikija inapandwa, usiku utakuwa wa amani. Ikija inakokotwa, mdogo wetu alitolewa nje kupitia jikoni, sufuria zikafichwa, taa ikazimwa. Baba amefariki miaka zaidi ya 40 iliyopita. Nina miaka 74, nina wajukuu, nimeongoza shule tatu. Hata leo baiskeli ikikokotwa barabarani usiku, nakaa kitandani.

Huo ndio ugonjwa ninaouzungumzia. Si mkubwa kiasi cha kupelekwa hospitali, wala si mdogo kiasi cha kusahaulika. Chuo cha ualimu kilitufundisha kumtambua mtoto mwenye njaa, mwenye macho mabovu na mwenye uziwi. Hakikutufundisha kumtambua mtoto anayesikiliza. Darasani, mtoto huyu mara nyingi si yule mkorofi wa nyuma. Ni yule anayefika shuleni alfajiri kabla ya kengele, kwa sababu shuleni ni kimya. Anafagia bila kuagizwa. Anakuwa kiranja bora kuliko wote, kwa sababu amekuwa mzazi tangu akiwa na miaka saba. Hazoei watu, haazimi kalamu wala haazimishi, na hakaribishi rafiki nyumbani kwao. Shule inamsifu, inampa zawadi ya daftari siku ya kufunga muhula, naye anarudi nalo nyumbani kulificha.

Mtoto huyo akikua anakuwaje? Wengine wanaingia mtungini wenyewe, maana hatari ya ulevi kwa aliyezaliwa na mlevi ni kubwa kuliko kwa wengine. Sehemu inapita katika damu, na sehemu katika mazoea ya nyumba. Wengine wanaapa kutoonja tone, wakatimiza kiapo, lakini nyumba zao zinakaliwa kama kambi ya jeshi. Wapo wasioweza kumwamini mke wala mume. Wapo wanaowaoa walevi, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa ndiyo kazi waliyoizoea. Jirani akiwatazama anasema maji hufuata mkondo, au anasema lile neno baya zaidi, kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Jamii inayomwambia mtoto maneno hayo isijidai kushangaa anapouma.

Sasa niwajibu wapinzani wangu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema haya ni mambo ya Wazungu. Historia nampa yote, sifichi. Chama cha walevi wanaosaidiana kuacha kilianzia mji wa Akron, Marekani, mwaka 1935, walipokutana mfanyabiashara Bill Wilson na daktari Bob Smith, walevi wote wawili. Ilichukua miaka 16 kabla jamaa za walevi hawajapata chama chao. Mwaka 1951 Lois, mke wa Wilson, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al-Anon. Mwaka 1957 likaanza tawi la vijana huko California, linaloitwa Alateen. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko New York, waliokwisha kuwa watu wazima wakaanza kukutana wenyewe, na mwaka 1983 Janet Woititz akatoa kitabu juu yao ambacho kilinunuliwa mno. Mwaka 1998 madaktari wa California walitangaza utafiti uliowauliza watu wazima zaidi ya 9,000 habari za utoto wao. Karibu mmoja katika kila wanne alisema kuwa nyumbani kwao alikuwamo mtu aliyetekwa na pombe au dawa za kulevya, na kadiri dhiki za utotoni zilivyokuwa nyingi, ndivyo ulevi, huzuni kubwa na hata magonjwa ya moyo yalivyozidi ukubwani.

Naam, hayo ni ya Marekani. Lakini kukaa pamoja kwa ajili ya shida moja, hilo nani alitufundisha? Sisi wa Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba, ndio tuliounganisha vyama vya ushirika mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, tukapata chama kikubwa kilichojulikana Afrika nzima, kwa sababu kila mkulima peke yake alikuwa akipunjwa kwenye mizani. Sisi ndio tulioanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipotushinda. Ng'ombe akiibwa Misasi, yowe linapigwa, na watu ambao hawajapata kumwona ng'ombe huyo wanakimbia usiku na mishale. Tuna vyama vya kuzikana, tuna vikundi vya kulimiana, akina mama wana vikoba vyao. Iweje basi kila shida iwe na kikundi, isipokuwa hii? Je, mtoto ana thamani ndogo kuliko ng'ombe?

Tena tunao mfano wa karibu zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo hiyo ya ziwa. Mnakumbuka aibu iliyokuwapo? Watu walikufa na jina la ugonjwa halikutamkwa hata makaburini. Waliouvunja ukimya ni vikundi. Kampala walianzisha TASO mwaka 1987. Dar es Salaam walianzisha WAMATA mwaka 1989. Watu walikaa kwa duara, wakasemezana kwa lugha zao, na mtu aliyedhani yu peke yake duniani akamkuta jirani yake kwenye benchi lile lile. Hakuna aliyesema huo ni Uzungu. Na kama alikuwapo, leo hatumkumbuki.

Mpinzani wa pili ni mwenye nguvu zaidi, kwa kuwa anakuja na Maandiko. Ananiambia: mwalimu, mkumbuke Nuhu. Alilewa akalala uchi hemani. Hamu alimwona akatoka kwenda kusema, na laana ikafuata. Wewe unataka kuwafanya watu wote wa Misungwi kuwa Hamu.

Nashukuru kwa kunikumbusha. Lakini tukisome kisa chote. Kwanza, Maandiko yenyewe hayakumficha Nuhu. Mzee mwenye haki kuliko watu wote wa kizazi chake ameandikwa kuwa alilewa, na habari hiyo husomwa kila mahali duniani. Pili, Semu na Yafethi walifanya nini? Hawakukaa nje ya hema wakijidai baba amevaa. Walikiri kuwa yu uchi. Walitwaa nguo moja, wakaiweka juu ya mabega yao wawili, wakaingia pamoja. Mtu mmoja hawezi kuibeba nguo hiyo bila kugeuka na kutazama. Wawili wanaweza. Kama kuna kikundi cha watoto wa mlevi kilichotangulia vikundi vyote, ni kile. Tatu, laana ilimwangukia nani? Haikumwangukia aliyekunywa, wala Hamu aliyesema. Ilimwangukia Kanaani, mjukuu. Mzee alikunywa, na mjukuu akalipa. Sijui maneno yanayoeleza ninachokiona vijijini kwetu vizuri kuliko hayo.

Kumheshimu baba na mama ni amri, nami naishika. Kwetu Usukumani mtu huitwa kwa jina la baba yake: Ng'wana Fulani. Jina la mzazi tunalivaa maisha yote, na aibu yake pia. Ndiyo sababu mtoto wa mlevi hunyamaza: akimtaja baba amejitaja. Lakini heshima na ukimya si ndugu wa tumbo moja. Chini ya mwembe wangu sijasikia mtu akimtukana mzazi wake. Nimesikia mtu wa miaka 50 akisema kwa mara ya kwanza kwamba alimpenda baba yake na alimwogopa, yote mawili, siku moja, saa moja. Akiisha kusema hivyo, anaweza hata kulitembelea kaburi. Kabla ya hapo hakwenda.

Wa tatu anasema: waombewe. Ni vema, tena waombewe sana. Lakini naona makanisa na misikiti yetu ikimwombea mlevi aache, na akiacha anasimamishwa mbele na kushangiliwa. Mkewe anapigiwa vigelegele kwa uvumilivu. Watoto wameketi mkeka wa mbele na hakuna anayewauliza neno. Kwa ndugu zetu Waislamu mzigo ni mzito zaidi, kwa kuwa pombe kwao ni haramu waziwazi, na kwa hiyo nyumba yenye mlevi hulazimika kuficha mara mbili. Maombi hayazuii benchi. Wala benchi halizuii maombi.

Wa nne anasema tatizo ni umaskini. Tuleteeni bei nzuri ya pamba na ulevi utakwisha. Huyu hajaishi hapa. Waulizeni akina mama wa vijijini ni miezi gani wanayoiogopa. Hawataji miezi ya njaa. Wanataja miezi ya mauzo. Fedha ikiingia kwenye nyumba yenye mtungi inaingia mtunginini mwanzo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, nasi tunafurahi, biashara itakua. Itakua yote, pamoja na ile ya vilabuni.

Wa tano ni mpole, na ndiye ananisumbua. Anasema: mwalimu, wameshakuwa watu wazima, yamepita, mbona mnafukua? Jibu langu ni kwamba kilichozikwa kikiwa hai hakijapita. Kwenye kikundi chetu yumo fundi baiskeli ambaye hakupata kulala usiku mzima tangu utoto. Yumo mama mmoja aliyefanya kazi za ndugu zake wote hadi mgongo ukakataa, kwa kuwa kila sauti ikipanda aliinuka kufanya kazi. Hawakuja kufukua. Walikuja kwa kuwa kitu kilikuwa kinatembea ndani ya nyumba zao za leo, na watoto wao wameanza kukisikiliza.

Nao marafiki wa hoja hii niwaonye pia, maana rafiki anaweza kuua kilichomshinda adui.

Msituletee posho. Siku bahasha ya kwanza itakapofika chini ya mwembe, watakuja watu 60 wenye baba walevi, na wiki itakayofuata bila bahasha hatabaki hata mmoja, pamoja na wale wanne wa kweli. Msituletee kipaza sauti. Mwenye kusema asemee kwa sauti ya nyumbani, na asishangiliwe. Msituletee mgeni rasmi. Na msikigeuze kikundi kuwa mahakama, kwa kuwa wengi wa wazazi hao nao walikuwa watoto wa mtu.

Kanuni zinazotosha ni chache, na wenzetu wa nchi nyingine wamezijaribu kwa miaka zaidi ya 70. Kila mtu aitwe kwa jina lake moja tu, bila cheo. Mimi mwenyewe pale si mwalimu mkuu. Linalosemwa pale libaki pale. Mmoja akisema wengine wanyamaze, na akimaliza asipewe ushauri asiouomba. Hili la mwisho kwetu wazee ndilo gumu kuliko yote. Uongozi uzunguke, asipatikane mwenye kikundi. Asiyetaka kusema asiulizwe. Na jambo la kwanza ambalo mgeni alisikie, hata kama hatasikia lingine, ni kwamba hakumnywesha mzazi wake. Mtoto mdogo anaamini amesababisha yeye, kwa kuvunja kikombe, kwa kuomba ada, kwa kuzaliwa. Nimewaona watu wenye mvi wakiambiwa hivyo na kuuliza: “Kweli?”

Sisemi benchi ni dawa ya kila kitu. Mwenye huzuni inayomfanya atake kujidhuru apelekwe hospitali. Bugando wapo madaktari wa magonjwa ya akili, na mji huo si mbali nasi. Mtoto anayepigwa leo hahitaji kikundi. Anahitaji ustawi wa jamii na polisi, leo hii. Kikundi ni cha wale waliookoka na bado wanakimbia.

Basi nayaelekeza maneno yangu kwa wenye funguo. Wilaya hii ina madarasa mengi, na Jumamosi alasiri yote yamefungwa. Ina majumba ya parokia, madrasa, ofisi za kata, maghala ya ushirika yaliyobaki matupu. Kuyafungua hakugharimu hata shilingi moja. Mwalimu mkuu kijana anayesoma haya, ambaye labda alikuwa akifika shuleni alfajiri kabla ya kengele, anajua ninachosema. Afungue darasa moja, asiulize kibali cha kuwasema wazazi, maana hakuna anayewasema. Apange viti kwa duara. Mvua za vuli zikianza, mwembe wangu hautoshi.